Dirisha la Baba, Komeo Nje

Enzi zetu kule Molo, baridi ilikuwa mtu wa nyumbani. Ilikula nasi, ikalala nasi, na asubuhi tukatoka nayo kwenda shule, sweta limetoboka viwiko, kiazi cha kuchoma mfukoni cha kupasha mikono kwanza, tumbo baadaye. Watoto wa siku hizi wakiona mawingu tu wanaulizia hita.

Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, na dirisha la chumba cha mama lilikuwa la mbao pia, limeoza hadi unaona nje bila kulifungua. Hatukujali mpaka ndugu yangu alipozaliwa, mwezi wa saba, baridi imekomaa. Nyanya, mamake mama, alikuja kumwona mjukuu, akahisi upepo shingoni, akamwambia baba kwa upole wa mkwe, "Baba Njeri, kesho kutwa narudi. Nikikuta huu upepo bado uko, nawabeba mama na mtoto tukakae kwangu Njoro."

Njeri ni mimi. Na baba, kuchukuliwa mke na mama mkwe kwa sababu ya dirisha, aibu hiyo angeipeleka wapi?

Mafundi walikuwepo, lakini baba alisema mwanamume mwenye nyundo haiti fundi. Akaleta dirisha kuukuu la vioo kutoka nyumba ya mzungu iliyokuwa ikibomolewa, zuri ajabu, lina komeo la shaba. Akang'oa lile bovu kabla ya kupima hili. Shimo likawa dogo. Akakata ukuta, shimo likawa kubwa. Sisi watoto tuliacha mpira wetu wa kati tukaja kutazama, maana huku ndiko kulikonoga.

Sasa, kwetu mwanamume hakuingia chumba cha mzazi mtoto akiwa bado mchanga, hata kama mzazi ni mkewe. Kwa hivyo baba alifanya kazi yote akiwa nje, na uzuri wote wa dirisha akauelekeza alikosimama yeye. Alipomaliza kuziba nyufa, akarudi nyuma, akashika kiuno kuitazama kazi yake. Komeo lilikuwa linang'aa upande wa nje. Mpita njia angeweza kulifungua, lakini siyo mwenye chumba.

"Baba Njeri," mama akaita kutoka ndani, "na mimi nikitaka hewa nimwombe nani?"

Nyanya alipofika hakupitia mlangoni. Alienda moja kwa moja dirishani, akavuta komeo, akasukuma, akaingiza kichwa. Akafunga, akafungua tena. Baba alikuwa anatoka jasho Molo, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kisha nyanya akacheka mpaka leso ikamtoka kichwani.

"Hili dirisha halina akili," akasema, "lakini upepo pia halina. Wakae."

Baba aliahidi kuligeuza. Wiki mbili baadaye, aliposhika nyundo, mama akakataa. Akina mama jirani walikuwa wameshazoea kulifungua wakipita, wanaingiza kibuyu cha uji, fungu la mboga na udaku wa kutosha, bila kumwamsha mtu aje mlangoni. Ndugu yangu alinenepa kupitia lile dirisha.

Mwezi uliopita nilibadilisha dirisha langu mwenyewe hapa Nakuru, binti yangu akiwa msimamizi, yaani ameshika simu tunaangalia video. Nilipomsimulia ya baba, alishika kichwa.

"Mathe! Guka alikuwa anataka muibiwe?"

Nilicheka kwa niaba ya huyo babu yake, nikamwambia wezi wangepita wapi na akina mama wamejaa hapo tangu asubuhi. Hakuamini. Langu tumelipima vizuri, komeo liko ndani, na vyuma juu yake.

Juzi nilishikwa na homa, binti amerudi chuoni, nikalala kutwa nzima nikilitazama. Niliwakumbuka wale akina mama, nikalia kidogo, sitadanganya. Dirisha langu ni zuri. Halikuingiza upepo hata kidogo, wala uji.