Mikono Yenye Harufu ya Bwadenn

Siku hizi mtu akifa, gari linatoka mjini Roseau kuja kumbeba hadi kwenye jokofu, na anaoshwa na vijana wenye glavu wasiojua hata alikuwa mtoto wa nani. Zamani, katika vijiji vya kusini mwa Dominica, aliyeitwa kuosha maiti alikuwa Eudoxie. Alikuja na ndimu na chupa ya ramu iliyolowekwa majani yenye harufu kali ya mti wa bwadenn, akafunga mlango, akaongea na maiti kama jirani yake.

Mumewe, Théophile, alikuwa akikeneka mafuta ya majani hayohayo kwa mtambo wake, akiyauza kijijini. Alinuka bwadenn mchana kutwa na hakuona neno. Lakini mkewe akirudi msibani na harufu ileile, alimgeuzia mgongo kitandani. "Usiniguse na mikono hiyo ya maiti," alikuwa akimwambia. Eudoxie akazoea kulala akiukumbatia ukuta.

Uzeeni akashikwa na ugonjwa wa kusahau. Jua likianza kushuka alifunga kibunda chake, akataka kwenda kwao, na mumewe akimzuia alipigwa na kukwaruzwa na kuitwa mwizi. Nesi Valine akaleta kichupa cha lavenda, akamweleza Théophile kwamba harufu nzuri huwatuliza baadhi ya wagonjwa. Ampake viganjani kila alasiri. Fujo zikiendelea, itabidi apelekwe kwenye nyumba ya wazee mjini.

Eudoxie akanusa, akasonya. "Kampake mbwa wako," akamwambia nesi.

Théophile alicheka peke yake jioni hiyo, kisha kicheko kikamwisha. Mtambo wake ulikwisha kuliwa na kutu, na wanakijiji sasa wananunua manukato ya kopo dukani. Lakini chupa moja ya ramu ya mkewe ilikuwa bado chini ya kitanda.

Kesho yake, Eudoxie akiwa tayari mlangoni na kibunda chake, Théophile alimshika mikono akampaka ile ramu.

Mkewe akatulia. Akanusa viganja vyake kwa muda mrefu, akaweka kibunda chini, na kwa sauti ya upole ambayo Théophile alikuwa ameisahau, akauliza, "Maiti yuko wapi?"

Kwa kuogopa mkewe asije akatoka tena, Théophile alijilaza kitandani, akafumba macho. Eudoxie akamfungua vifungo vya shati. Akampangusa uso, kifua, kisha vidole, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Ilikuwa mikono ileile aliyoikataa mumewe ujana wote.

"Jina lake nani huyu?"

"Théophile," akajibu kwa sauti ya chini.

Eudoxie hakujiuliza nani kajibu. "Ah, yule wa mafuta. Maskini. Alikuwa na mke, lakini aliiogopa mikono yake."

Machozi yakamtoka mzee. Eudoxie akayafuta kama maji ya ndimu tu.

"Eudoxie," akaanza, "unisamehe, mimi…"

Lakini leso ilikwisha kupita chini ya kidevu. Akamfunga taya taratibu, kama inavyotakiwa kwa maiti, akakaza fundo utosini, na maneno yaliyobaki yakabaki mdomoni.