Vibao vya Mzee Kondo

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani. Nilitoka kwa shangazi yangu Mtoni alfajiri, nikafika kwenye lango la msitu, huko nyuma ya Chanika, nikiwa nimejipaka mafuta mpaka magotini. Langoni alikaa mzee mfupi wa Kizaramo ananoa panga kwenye jiwe. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akatulia kidogo akisikiliza ninavyokanyaga changarawe.

"Hivyo viatu vya harusi," akasema. "Bwana harusi yuko wapi?"

Huyo ndiye Mzee Kondo, foromani wa vijia. Juu yake alikuwapo Bwana Misitu, aliyekaa ofisini na mihuri yake, na juu ya Bwana Misitu alikuwapo Mhifadhi Mkuu, ambaye sisi tulimwona pale tu alipokuja na wageni. Mimi nilikuwa chini ya wote, pamoja na reki.

Vijana huniuliza, "Bibi Asumta, kwani kazi yenyewe ilikuwa nini? Si kufyeka tu?" Swali hilo linaniudhi mpaka leo. Kijia cha msituni hakifyekwi, kinalazwa. Unakilaza kwa kukata mteremko kiubavu, ukingo wa chini ushuke kidogo kuliko wa juu, ili maji ya mvua yavuke upande badala ya kufuata njia. Ukikinyoosha moja kwa moja mpaka bwawani kwa kuwa wewe una haraka, masika moja tu umeshapata korongo. Kila baada ya hatua kadhaa unalaza gogo mshazari, nusu yake ardhini, liyatoe maji njiani. Msitu wetu ni wa nchi tambarare, vilima vyake vidogo, ila una mabwawa mawili na udongo wa kichanga usiojua kusamehe.

Katikati ya mabwawa hayo ndipo ilipo bustani ya miti. Si ya maua. Ni mahali palipopandwa miti ya aina nyingi, michache ya kila aina, ili mtu aje ajifunze: mvule, mkongo, msandarusi, mpingo, na mingine iliyotoka nchi za mbali. Kila mti una kibao cha bati chenye jina lake. Na hapo kwenye vibao ndipo nilipofanya kosa ambalo hakuna mtu wa nje angeweza kulifanya.

Nilikuwa sijamaliza mwaka. Bwana Misitu alitutangazia kwamba Jumatatu Mhifadhi Mkuu angekuja na wageni wake kutazama bustani. Mzee Kondo alikuwa nyumbani, mafua yamemlaza. Rangi ya vibao ilikuwa imefifia, na mimi nikataka sifa. Nikavibandua vyote. Vyote! Nikavirundika kwenye toroli, nikavipeleka bandani, nikapaka rangi upya na kuandika majina kwa mwandiko wangu mzuri wa shule. Vilipokauka nikavirudisha bustanini, nikasimama pale na toroli langu, nikaitazama miti. Miti nayo ikanitazama.

Nilijua mvule na mkwaju. Basi.

Ijumaa Mzee Kondo alirudi, bado anapenga kamasi, akanikuta nimekaa chini nalia. Nikamweleza. Nilijua Bwana Misitu akipata habari nitarudi Mtoni siku hiyo hiyo, na shangazi ananitegemea. Mzee akapenga tena, akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki. Ila haya yako bado yapo kwenye toroli. Nyanyuka."

Tukaanza. Alikuwa anauendea mti, anauwekea kiganja, anapapasa gome juu mpaka chini kama mama anayepima homa. Wakati mwingine anakwangua kidogo kwa ukucha, anaonja. "Mpingo." Anaokota jani, analikunja. "Mkongo huu, mwanangu, leta kibao." Mimi nafurahi, napiga misumari. Nikadhani ni mbwembwe za kizee.

Mchana nilikipigilia kibao kimoja juu chini kwa uchovu. Mzee alisimama mbele yake, uso karibu na bati, akatikisa kichwa akisema, "Safi kabisa."

Nikakitazama kibao. Nikamtazama yeye. Akakaa kwenye gogo.

"Umeshaona," akasema.

"Nimeona nini, mzee?"

"Kwamba mie sioni."

Aliniambia ukungu ulimwanza jicho moja, ukahamia la pili, na sasa anaona kivuli na mwanga tu. Vijia alivitembea kwa nyayo, alivilaza mwenyewe. Alibakiza miaka michache amalize utumishi wake, na wakubwa wakijua watamrudisha nyumbani kabla ya siku yake. "Nimeingia humu kijana," akasema. "Sitaki kutolewa kwa kushikwa mkono."

Nikafuta machozi yangu, nikakigeuza kile kibao. "Mzee, mie sijaona kitu," nikasema. "Na wewe hujaona toroli." Akacheka mpaka mafua yakamkaba.

Vikabaki vibao viwili na miti miwili inayofanana majani, kando ya bwawa dogo: mkangazi na mwerezi. Hii inatofautishwa kwa pua, maana mwerezi ukikwanguliwa una harufu kama ya kitunguu saumu. Pua ya Mzee Kondo siku hiyo haikuwa na kazi.

"Nusa wewe," akaniambia. Nikanusa. Nilikuwa nimelia siku nzima, pua yangu nayo imeziba. Akaamua yeye, nikapigilia. Jumatatu Mhifadhi Mkuu alipita pale na wageni wake akasema, "Kazi nzuri. Mwandiko wa nani huu?" Bwana Misitu akasema ni wa idara.

Tangu siku hiyo nilikuwa macho yake. Tukiwa na wageni mimi natangulia. Nikikohoa mara moja kuna mzizi, mara mbili tawi limeinama. Bwana Misitu alinitaka nikapimwe kifua. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Kisha nikapata wazo la msumari. Rangi inafifia, basi nikawa natoboa herufi kwa kugonga msumari nyuma ya bati, vidoti vinachomoza mbele. Lazima uandike kinyume, na cha kwanza nilikiharibu kabisa. Nilipompelekea cha pili, alipitisha kidole taratibu, m-s-a-n-d-a-r-u-s-i, akarudia tena, halafu akaugeukia mti ili nisimwone uso. Bwana Misitu alikisifia: kitadumu kwenye mvua. Nikamjibu ndiyo mkubwa, mvua, nikaviandika vyote hivyo.

Mzee Kondo alistaafu kwa miguu yake, akatoka langoni wima, hakushikwa na mtu. Mimi nikachukua uforomani. Kiangazi kilichofuata mti wenye kibao cha mkangazi ukapukutisha majani yote, na mkangazi wetu haupukutishi hivyo. Nikajua tulikosea. Nilipaswa kubadilisha siku ile ile. Sikubadilisha. Yeye ndiye aliyeamua, na mkono wangu haukunyanyuka kumsahihisha.

Miaka ikapita, akaja kututembelea, mjukuu wake amemfikisha langoni. Sasa alikuwa haoni hata kivuli. Nikampitisha kwenye vijia vyake, anasoma vibao kwa kidole, anasalimia miti. Kwenye bwawa dogo akasoma, akakwangua gome, akanusa. Akanusa tena.

"Asumta. Hiki kibao cha uongo."

"Najua, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoondoka."

"Na wageni wote hao umewadanganya kwa ajili yangu?"

"Ulikiweka wewe."

"Nilikiweka na mafua! Lete nyundo."

Tukavibandua vyote viwili. Alishika msumari yeye, nikagonga mimi, polepole, nikiviogopea vidole vyake. Tulipomaliza alipapasa kibao kimoja, kisha kingine, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Haya," akasema. "Sasa ndo nimestaafu."

Tulimzika mwaka uliofuata. Nilimlilia kama baba, sioni haya kusema.

Nami nimestaafu juzi. Walinipa kanga na hotuba. Mhifadhi Mkuu wa sasa, binti mwerevu, akaniambia vibao vya bati vinaondoka, vinakuja vya plastiki ambavyo mgeni anavielekezea simu, maelezo ya mti yanatokea. "Tutaving'oa vyote Jumatatu, mama."

"Vyote kwa pamoja?" nikashtuka.

Ikabidi nimhadithie, toroli, mafua, macho na yote, mambo niliyoyafunika muda wote wa kazi yangu. Nikamwambia afumbe macho, nikamshika kidole, nikakipitisha kwenye bati la mkangazi. Alisoma mpaka mwisho. Jumatatu hakikung'olewa hata kimoja. Vya plastiki wamevipachika chini yake, kimoja kimoja, na aliyekwenda kunusa miti kabla ya msumari kupigwa ni mimi, nimevaa viatu vya kanisani.