Kamba ya Baba na Mwanga Usioonekana

Mama alikuja Elisabethville kwa treni kutoka kaskazini, mwaka wa pili baada ya baba kufa. Majirani zetu wa site, mtaa wetu wa Waafrika, wakawahi kumwambia kwamba mwanawe anapima vitu kwa mwanga ambao hakuna mtu anayeuona. Mke wangu ndiye aliyeniambia kwamba mama anaogopa nimeingia uchawi.

Nilikuwa msaidizi katika maabara iliyotafuta nyuzi za porini za kufumia magunia. Nyuzi zenye lignini nyingi, ile inayofanya mti usimame wima, ni ngumu na hukatika upesi. Kazi yangu ilikuwa kupima lignini hiyo. Nilimweleza mama, hakuridhika. Akafungua kamba iliyofunga mzigo wake, kamba aliyoisokota baba kwa mikono yake, akakata kipande.

"Pima hii," akasema. "Na mimi nikuwe pale."

Nilisita, kwa sababu kipande kile kisingerudi. Akaniambia kamba ingali ndefu.

Nikakisaga, nikakichemsha katika soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, mpaka maji yakawa na rangi ya chai. Jumamosi mkemia wetu, Mbelgiji mpole, akamruhusu mama aingie, akampa kiti chake mwenyewe. Nilipoizimua ile chai hadi ikakaribia kuwa maji matupu, mama alininong'oneza kwamba nimemwaga kamba yote. Nikaitia kichupani, nikafunga kifuniko cha mashine ya ule mwanga usioonekana, nikawa nageuza kitufe, nasoma mshale, naweka nukta kwenye karatasi. Nukta zikapanda kadiri lignini ilivyomeza mwanga, zikafanya kilima, zikashuka.

"Iyi kilima ni ya baba yako?"

Nikamwambia nyuzi zote tulizopima zina kilima mahali pale, ila hiki ni kifupi kuliko vingine. Lignini yake ni kidogo, ndiyo maana kamba hii ni laini.

Mama akapitisha kidole juu ya nukta polepole. Akasema wanaume wengine walikata magome ya miti iliyo karibu, iliyokomaa, lakini baba alikwenda mbali kutafuta miti michanga, nao wakamcheka. Hakutaka kamba ya kuni imchubue mkewe mabega.

Hilo sikuwa nalijua. Nilimtafsiria mkemia kwa Kifaransa, naye akavua miwani, akaitazama tena ile karatasi.

Mama akafuta macho kwa ncha ya kikwembe alichojifunga, akatabasamu kidogo.

"Pima tena, baba," akaniambia.