Sentimita Kumi na Tisa Nilizomficha Mume Wangu

Mume wangu alivaa suruali moja kwa miaka kumi na nne, na mbele ya watu haikumbana hata siku moja.

Suruali yenyewe ilikuwa ya harusi, ya kitambaa cha tergal, bluu nzito, nilimshonea mwenyewe mwaka wa 2010. Kila Oktoba, siku ya kukumbuka ndoa yetu, aliivaa kwenda kanisani. Mashavu yake yalijaa, tumbo likasogea mbele mwaka hata mwaka, lakini suruali ikaendelea kufunga.

Watu wa mtaa wetu wa Nyakasanza walikuwa wanamtania.

"Directeur, weye unakunywaka dawa gani?"

Yeye anapiga mkanda wake, pa! "Mwili yangu haijui kuzeeka!"

Na mimi nasimama pembeni, nacheka pamoja nao.

Ndugu zangu, sitafuti huruma yenu. Nataka tu mujue kilichokuwa ndani ya kicheko kile.

Naitwa Vahwere. Huku Bunia wengi wananiita Mama Alliance, kwa jina la binti yetu. Ni couturière, fundi wa nguo, niko na masini mbili za kushonea na kibanda karibu na soko. Wazazi wetu walitoka Butembo, sisi tukakulia hapa. Mume wangu, Kule, alikuwa directeur, mkuu wa shule ya msingi, na sauti ya tenor ya korali ya kanisa. Mtu mpole. Akikasirika anakohoa tu, basi.

Mambo yalianza Jumapili moja, ndoa yetu ikiwa na miaka saba.

Mwaka ule alikuwa amenunua pikipiki. Zamani alitembea mpaka shuleni, anashuka kilima, anapanda kingine. Sasa ni kupiga kiki na kwenda. Shuleni kiti. Nyumbani kiti. Mezani bugali mlima mzima, sombe ya majani ya muhogo inayong'aa mawese, na sucré mbili za baridi, ile soda tamu. Mimi ndiye nilikuwa natuma kuzinunua.

Asubuhi ile kifungo cha suruali ya harusi kilikataa. Alirudisha tumbo ndani, akavuta, akavuta tena. Kifungo kikaruka, kikapiga kabati.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alikaa kando ya kitanda, suruali wazi, macho chini.

"Mama Alliance, nimekwisha."

"Umekwisha nini? Ni kifungo tu."

"Hapana. Baba yangu alianza hivi hivi. Tumbo kwanza. Hakufika ata miaka makumi tano."

Akavaa suruali nyingine. Siku nzima hakuimba.

Jumatatu alipokwenda kazini, nilichukua ile suruali, nikaenda nayo kibandani. Fundi mzuri anaacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Nikafumua nyuma, nikapanua sentimita tatu, nikashona, nikapiga pasi. Hata mimi sikuona alama.

Jumapili iliyofuata nikamwambia, "Jaribu tena. Siku ile maharagi ilikuwa imekuvimbisha."

Akajaribu. Ikafunga.

Mungu wangu! Mtu mzima alicheza chumbani kama mtoto. Akaninyanyua juu, Alliance akaja mbio kuona kuna nini.

Nani angeniambia siku ile kwamba nimefanya vibaya?

Toka hapo ikawa kazi yangu ya kila mwaka. Septemba ikifika namwambia, "Inua mikono, nakushonea shati." Napitisha utepe kiunoni haraka haraka. Tisini na moja. Tisini na tano. Tisini na tisa. Siandiki popote, naweka kichwani. Akiba ya mshono ilipokwisha, nikatafuta tergal inayofanana, nikaweka kipande nyuma, pale koti linapofunika.

Mikono yake ilibaki myembamba. Miguu pia. Ukimtazama kwa mbele, mtu wa kawaida amebeba tumbo kama kifurushi cha mtu mwingine. Siku moja alipanda kwenye mizani ya duka, akashuka anatabasamu.

"Kilo si mingi. Ni tumbo tu."

Na mimi nilipenda lile tumbo. Niseme ukweli. Sisi tuliokua huku Ituri tumeona watu wanaofika mjini wamekimbia, mifupa inahesabika. Baba yangu mwenyewe, wakati wa vita, shati lilimning'inia kama kwenye msumari. Kwetu mwanaume mwenye tumbo ni nyumba yenye amani. Mama mkwe akija anamtazama mwanawe, halafu ananishika mkono: "Aksanti, mutoto. Unamutunza."

Na mimi naongeza bugali sahanini.

Basi, mwaka juzi, Jumapili moja ya Oktoba baada ya ibada, mchungaji akatangaza kwamba watu wasitoke. Infirmière, yaani muuguzi, wa centre de santé, kituo chetu cha afya, jina lake Honorine, alikuja kupima watu. Hakuja na sindano wala damu. Alikuja na kamba ya katani na mkasi.

"Kila mutu nitamupima urefu, kutoka kisigino mpaka kichwa," alisema. "Ile kamba tunaikunja mara mbili. Nusu yake inapaswa kuzunguka kiuno yako. Ikikosa kufika, weye kuja unione. Kilo inaweza kudanganya. Mafuta ya ndani ya tumbo ndiyo inachokoza tension, presha ya damu, na sukari na moyo."

Watu wakacheka, wakapanga mstari. Mama Joséphine wa korali kamba yake ilibaki mbali kabisa, akapiga kelele, "Yesu, kamba imenikimbia!" Kanisa zima likaanguka kwa kicheko. Lakini alichukua karatasi yake ya kwenda centre, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia.

Ikafika zamu ya Kule.

Akasimama, akafungua koti kidogo, akapiga mkanda.

"Miye munipime ya nini? Hii suruali ni ya 2010! Mwenye kuishona ni ule pale!"

Makofi. Vigelegele.

Honorine hakupiga makofi. Alimtazama, halafu akageuka kwangu.

"Mama Alliance, weye ni couturière. Kiuno ya bwana yako unaijua. Ni ngapi?"

Makofi yakakoma, watu wakanigeukia.

Nilijua. Cent sept. Mia moja na saba; nilikuwa nimempima wiki mbili tu kabla.

Nikamtazama Kule. Alikuwa ananitazama na ile sura ya Jumapili ya kifungo. Ile ile.

"Quatre-vingt-huit," nikasema.

Themanini na nane, namba ya kiuno chake siku ya harusi yetu.

Makofi yakarudi. Kule akacheka kwa sauti. Honorine akakunja kamba yake, akaita mtu mwingine.

Baada ya pale, maisha yakaendelea. Lakini alianza kunywa maji sana, na kwenda choo kila mara. Kichwa kikamuuma nyuma ya shingo. Nikasema malaria, nikanunua paracetamol.

Siku moja mezani alitazama sahani muda mrefu.

"Mama Alliance, punguza kidogo mafuta. Na hii bugali ni mingi."

Nikakasirika. Kweli kabisa, nilikasirika.

"Unataka mama yako aseme nimechoka kukulisha?"

Akakohoa. Akala. Akamaliza yote.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa tatu mwaka jana. Wanafunzi wamesimama mbele ya bendera, wanaimba. Kule aliinua mkono kuwaambia watulie, mkono ukashuka wenyewe, naye akaenda chini.

Gauthier, mwalimu wa darasa la sita, ndiye alinipigia simu. "Mama Alliance, kuja hospitali. Kuja sasa hivi."

Nilimkuta mdomo umekwenda upande mmoja. Mkono wa kuume na mguu wa kuume kama si vyake. Jicho moja lilinifuata nilipoingia.

Daktari alinitoa nje.

"Tension ilikuwa vingt-deux kwa treize, imepita kipimo. Sukari iko juu sana. Tunaona damu imemwagika mu kichwa. Mama, huyu mutu hakukuwa anapimwa?"

"Hakukuwa anapimwa, docteur."

Siku tatu nilikaa pembeni ya kitanda kile. Siku ya pili alijaribu kusema kitu. Alisema "Ma... Ma..." halafu machozi yakamtoka kwenye jicho moja. Nikamfuta. Nikamwambia, "Nyamaza, utasema ukipona."

Sijui kwa nini nilimwambia anyamaze.

Ijumaa saa sita mchana akaondoka.

Nilimvalisha mwenyewe suruali ile. Iliingia bila shida. Mama mkwe akasema, kupitia machozi, "Angalia mutoto wangu, amekufa na mwili yake ya ujana." Wanawake wakalia zaidi. Nikataka ardhi ifunguke.

Siku ya tatu ya matanga, Honorine alikuja. Alikaa kwenye mkeka karibu nami. Halafu akasema kwa sauti ya chini:

"Mama Alliance, kuko neno inanikaba. Nilifunga kinywa juu ya kazi yangu, siri ya mugonjwa haitolewi. Lakini sasa yeye hayuko."

"Sema."

"Kule alikuja kwangu."

"Lini?"

"Kesho yake. Ile Jumatatu, kesho ya siku ya kamba. Alifika mapema mbele ya watu wote. Aliniambia, 'Nipime.' Nilimupima. Cent sept."

Ilikuwa namba yangu mwenyewe, niliyoiweka kichwani.

"Tension ilikuwa juu. Sukari ilikuwa juu. Nilimupatia dawa. Akaiweka ku bureau yake ku shule. Alikuja tena mara mbili kuchukua ingine. Kisha akaacha. Nilimutafuta, akasema anajisikia muzuri."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Nilimuomba yeye mwenyewe akuambie. Nilimuomba sana! Nilisema, bila Mama Alliance chakula haiwezi kubadilika. Unajua alinijibu nini?"

"Alisema nini?"

Honorine alifuta uso wake kwa kitenge.

"Alisema, 'Bibi yangu, Mama Alliance, anaongezaka kitambaa mu suruali yangu. Anafikiri sioni. Miaka mingi ninaona. Siku ya kifungo niliogopa kufa, na yeye akaniondolea ile woga kwa sindano yake. Sasa amesema quatre-vingt-huit mbele ya kanisa yote, juu ya kunilinda. Nikianza kunywa dawa mu nyumba, atajua kwamba miye najua. Atabeba aibu. Acha kwanza, nitatafuta siku ya kumuambia.'"

Hakuipata siku hiyo.

Alijua. Miaka mingi alijua. Alikuwa anapiga mkanda mbele ya watu ili mimi nifurahi kwamba nimemfurahisha. Alikula bugali yangu akijua inamfanya nini, kwa sababu kukataa kungeleta maswali, na maswali yangefika kwenye mshono.

Sisi wawili tulikuwa tunajua namba ile ile. Tulilala nayo kitanda kimoja. Kila mmoja anamlinda mwenzake.

Nililia siku ile kuliko siku ya mazishi. Mama mkwe alipouliza nini kimenipata, nilimwambia yote, mbele ya watu. Wengine mpaka leo hawanisalimii sokoni. Mama mkwe mwenyewe alikaa siku mbili bila kusema nami. Siku ya tatu akaniletea uji, akakaa, akasema, "Hata miye nilikuwa ninasifu ile tumbo." Tukalia wote wawili.

Honorine naye alinipima. Kamba yangu haikufika. Sukari yangu ilikuwa imeanza kupanda. Kwetu sasa mawese ni kijiko, sucré ni ya sikukuu, na jioni mimi na Alliance tunatembea mpaka mtaa wa Bankoko na kurudi.

Mwezi uliopita Étienne, mdogo wake Kule, alikuja kibandani kushonesha koti. Mikono myembamba, tumbo mbele. Nikapitisha utepe.

"Cent quatre," nikasema, yaani mia moja na nne.

Akacheka. "Shemeji, andika nonante, tisini tu. Utaacha nafasi ndani."

"Koti nitakushonea ya cent quatre. Lakini kwanza tutaenda ku centre. Miye na weye. Leo."

Akakasirika. Akasema nataka kumzika na yeye. Akachukua kitambaa chake, akaondoka.

Niliacha masini, nikamfuata kwa mguu barabara nzima. Watu wanatazama. Nilikuwa nasema namba ile kwa sauti, bila aibu. Tulipopita soko akasimama, akanigeukia, na nikaona hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa.

"Baba. Kisha Kule," akasema. "Shemeji, na miye je?"

"Ndiyo maana tunaenda."

Tension yake ilikuwa juu. Yeye anakunywa dawa mezani, mbele ya mke wake na watoto, na kila mmoja anajua saa ya dawa yake.

Ndugu msomaji, kama unampenda mtu, usimpunguzie namba. Tafuta kamba, pima urefu wake, ikunje mara mbili, izungushe kiunoni. Isipofika, mpeleke apimwe tension na sukari, hata kama ni mwembamba wa mikono, hata kama mizani inamsifu. Akikasirika, acha akasirike.

Mimi nilimpa mume wangu miaka saba ya furaha kwa sindano na uzi. Laiti ningalimpa siku moja ya hasira.