Tuta Lililoachwa Lichanue

Bernadeta wa Buhongwa alikuwa na dawa ya kila ugonjwa wa mtaani, ila mikono ya mumewe ilimshinda. Ngosha, mfuga ng'ombe asiye na tabia ya kulalamika, alikuwa akijikuna tangu mvua zianze, vidole vimevimba na kupasuka, hata kukamua kukawa adhabu. Kila jioni mkewe alimchemshia pakanga, mmea mchungu wa dawa aliouotesha bustanini, akamtumbukizia mikono kwenye beseni. Kila asubuhi hali ilikuwa mbaya zaidi. Basi Bernadeta akaongeza majani, maana dawa chungu haikosei, labda ilikuwa kidogo.

Mwishowe akaenda Nyegezi kwa Yassin, mwalimu wa mimea chuoni, na kifurushi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, hii ni pakanga ama siyo?"

Yassin akayatandaza majani juu ya gazeti, akayapinduapindua. "Ua liko wapi?"

"Ua la nini tena?"

"Bila ua siwezi kuapa, mama."

Miaka thelathini Bernadeta alikuwa akikata pakanga kabla haijachanua, kama alivyofundishwa na mama yake. Ikishatoa ua, nguvu imekwenda. Leo msomi mzima anataka kile ambacho yeye hajawahi hata kukiona! Hata hivyo aliporudi bustanini kwake bondeni aliacha tuta moja lichanue. Beseni nalo halikupumzika.

Baada ya wiki tano Yassin akaja kuangalia. Tuta lilikuwa limetoa maua ya namna mbili. Akachuma tawi huku na tawi kule.

"Hii jani lake chini ni la kijivu, na viua vya njano vimeinama. Hii ndiyo pakanga. Hili lingine ni la kijani pande zote, viua vyeupe vimeinua vichwa, kila kimoja kina pembe tano. Hili ni gugu karoti, limejiotea. Yote mawili ni ya ukoo wa alizeti."

"Ukoo mmoja? Sasa mbona unayatenga?"

"Ndugu hawafanani tabia, mama. Gugu karoti linawasha ngozi, linaivimbisha."

"Mbona mimi haliniwashi?"

"Wengine linawaacha."

Bernadeta akanusa tawi moja, kisha la pili. Vidole vilishashika harufu, kila kitu kilinuka pakanga. Alikuwa akimtibu mumewe au akimchoma? Siku ngapi lilikuwa hili, ngapi lile? Aliogopa, akaona na aibu.

Hakumuaga hata mgeni. Alipanda mbio hadi nyumbani, matawi mawili mkononi.

Ngosha alikuwa ameketi uani, mikono imezama kwenye beseni hadi karibu na viwiko, meno ameyauma.

"Nimeona una mgeni, Mama Chenge," akasema, akijitahidi kutabasamu. "Leo nimejichemshia mwenyewe. Nimejaza majani, kama unavyofanya wewe."