Nilimwonea Wivu Mdogo Wangu kwa Mkono wa Mama

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Nilimfungia mdogo wangu mlango wa mama yetu, kisa wivu.

Mama naishi naye hapa North York, huku ughaibuni. Mimi ndiye namwogesha, namlisha, nafua shuka. Mdogo wangu anakaa Thornhill, mji wa jirani. Anakuja Jumapili na gari lake, ananukia vizuri, na akikaa tu Mama anamkamata mkono hauachii. Wakati wa kuondoka tunambandua kidole kimoja kimoja. Mimi hajawahi kunishika hivyo. Jamani, iliniuma!

Siku moja mdogo wangu akaniambia, "Dada, huu mshiko wa Mama si wa kawaida. Tumpeleke kwa daktari."

Nikaona ananiringia. Tangu hapo akipiga simu nasema Mama kalala, Mama ana mafua, njoo wiki ijayo. Miezi yote ya baridi ikapita hivyo.

Mama alipoanza kusahau hata kutafuna, nikampeleka kliniki peke yangu. Daktari akawa anamzungumzisha huku akipitisha kidole kwenye kiganja chake. Mama akakikamata, akaking'ang'ania. Mtu hajamwona maishani! Daktari akamgusa juu ya mdomo, midomo ikachongoka kama ya kichanga kinachotafuta ziwa.

Akanieleza kwamba tunazaliwa na vitendo hivyo, ubongo ukikomaa unavizima, ukidhoofika uzeeni vinaweza kurudi. Dalili hiyo peke yake haitoshi, lakini kwa usahaulifu wa Mama na vipimo vingine, ni demensia, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu.

"Mkono wake hauchagui mtu," akasema. "Unashika kinachogusa kiganja."

Ndipo nikaelewa. Mdogo wangu huweka mkono wake ndani ya kiganja cha Mama. Mimi namshika kwapani nimwinue, nimgeuze, basi.

Nikampigia mdogo wangu simu nikiwa bado kwenye maegesho, nikamwambia yote, pamoja na uongo wangu. Jioni ile akaja. Mama akamtazama, kisha akaniuliza mimi, "Huyu mgeni ni nani?"

Kabla ya baridi alikuwa anamwita kwa jina.

Mdogo wangu hakunilaumu. Aliingia jikoni, akafungua bomba ili nisimsikie akilia. Nilimsikia.

Ninyi mnaolea wazazi, mzazi akibadilika msikae kupima nani anapendwa zaidi. Wahini kwa daktari. Na ndugu yenu akibisha hodi, mfungulieni angali anajulikana. Mimi nilimnyima mdogo wangu miezi ya mwisho ya kuitwa jina na mama yake, na sina pa kuitoa nimrudishie.