Jinsi fundi mkimbizi alivyonifundisha chasisi ya Landrova ilikotoka, na kazi yangu ikapona

Wakuu, heshima kwenu, wazee kwa vijana.

Juzi humu kuna kijana kaandika kwamba chasisi ya Landrova za zamani ilimwagwa kiwandani kipande kimoja kama sufuria, ndiyo maana ni ngumu. Nimecheka mpaka mama watoto akauliza nimeona nini.

Nimecheka kwa sababu na mimi niliamini hivyohivyo, tena kwa kelele, na nusura nifukuzwe kazi. Haya ninayoyaandika yamenitokea mwenyewe, sijatia chumvi hata punje.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakimbizi wamejaa mkoa wote wa Kigoma. Mimi ni mtoto wa Bangwe, Muha kabisa, na nilikuwa nimepata udereva kwenye shirika moja lenye zahanati kambini, njia ya Kasulu. Jina la shirika msiulize, sitaji.

Enzi hizo dereva wa shirika alikuwa mtu bwana. Ukipita Mwanga sokoni na Landrova jeupe, mafundi cherehani wanaacha nguo wanakupungia. Nilikuwa nimeshapeleka posa Ujiji, na baba mkwe alikuwa ananitambulisha kwa watu "huyu mkwe wangu, dereva". Jina langu sidhani hata kama alikuwa analijua.

Sasa kosa lenyewe.

Madereva wa kule tulikuwa na mtindo mmoja. Jumamosi unaliingiza gari ziwani mpaka maji yafike kwenye ekseli, unaliosha huku na wewe unaoga. (Wa mazingira mnisamehe, tulikuwa hatujui.) Likitoka, chasisi inachuruzika maji kwenye vitundu vya chini, na mchanga unafuata. Inachukua muda mpaka ikauke.

Mimi nikajiona injinia. Nikachonga vizibo vya mti, nikavigonga kwenye kila kitundu mpaka vikakaza. Maji yasiingie!

Msimamizi wetu wa magari, Mzee Bilali, mtu mkali sana, siku hiyo alinisifu mbele ya wenzangu. Akaagiza na magari mengine mawili niyafanyie vilevile. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Ukapita mwaka na kitu. Jumanne moja asubuhi nimeshusha dawa kambini, nageuza gari, nikasikia mlio, kaa! Gari likanyong'onyea katikati kama ng'ombe anayetaka kulala. Nikaingia uvunguni. Chasisi imekatika upande wa kulia, nyuma kidogo ya kiti changu.

Mzee Bilali akaitwa kwa redio, mchana akafika na gari jingine. Alichungulia mara moja tu.

"Chasisi ikikatika gari limekufa," akasema. "Ijumaa lori litakuja kulibeba, liende kwenye chuma chakavu. Na wewe utapanda lori hilohilo urudi kwenu. Sina gari lingine la kukupa."

Wakuu, niliogopa. Sikuogopa hata njaa, niliogopa ile safari ya Ujiji kwenda kumwambia mzee wa watu kwamba mkwe wake si dereva tena.

Nimekaa kwenye jiwe nimeshika tama, akaja Salvatori. Huyu alikuwa mkimbizi kutoka Bujumbura, fundi wa kuchomelea, mtu wa makamo, ndiye aliyekuwa anatengeneza pampu za maji pale kambini. Miwani yake ya kuchomelea imefungwa kwa uzi wa viatu.

"Mwiriwe, shofere," akanisalimu kwa Kirundi. "Mbona uko kama umefiwa?"

"Shikamoo, fundi. Chasisi imekatika. Ni kipande kimoja, haiungiki."

"Marahaba. Nani alikuambia ni kipande kimoja?"

Akanivuta uvunguni, akanishika kidole akakipitisha kwenye kona ya chasisi. Kulikuwa na mshono. Mshono wa kuchomelea, umekwenda urefu wote, na kona nyingine hivyohivyo. Miaka mitatu nimelala chini ya gari lile, sijawahi kuuona!

Ndipo akanipa historia, tumelala palepale vumbini. Alisema yeye alifundishwa na mwalimu wake gereji huko kwao. Vita kuu ya pili ilipokwisha, Uingereza chuma kilikuwa cha mgao. Waliotaka kuunda gari la mashambani walianza na la majaribio, wakalipachika juu ya chasisi ya jipu la jeshi. Ilipofika zamu ya kuunda chasisi yao wenyewe, zile mashine kubwa za kukunja chuma zilikuwa ghali mno. Basi wakachukua bamba bapa, wakalikata vipande virefu, wakaunganisha vinne na kuchomelea kona zote. Bodi wakaifanya ya aluminiamu.

"Ni sanduku tu, sha," akasema Salvatori, kwao "sha" ni kama rafiki. "Wale watu walikuwa na shida, wakaunda na walichokuwa nacho. Na mimi niko na shida hapa. Nitaunda vilevile."

Tukamwendea Mzee Bilali. Akaguna, lakini akakubali, maana kujaribu hakugharimu kitu na lori lilikuwa la Ijumaa.

Salvatori akakata pale palipooza kwa msumeno. Wakuu, yalitoka maji! Yakaja matope meusi, ukaja mchanga, na mwisho kabisa likadondoka gamba la konokono mdogo wa ziwani.

Mzee Bilali akaliokota, akaligeuzageuza.

"Huyu kafuata nini huku kambini?"

Nikasema kweli yote. Salvatori akacheka mpaka akakaa chini. Alituambia maji huingia kwenye chasisi kila mahali, kwenye bolti, kwenye maungio, na vile vitundu waliviweka ili yatoke. Mimi nilikuwa nimeyafungia ndani, yakala chuma taratibu.

Nikasubiri matusi. Hayakuja. Mzee Bilali alikuwa anaangalia gari alilokuja nalo. Kisha akapiga magoti na suruali yake ya pasi, akaingia uvunguni na bisibisi, akaanza kung'oa vizibo bila kunitazama usoni.

Bamba tulilipata kwenye bodi ya lori bovu nyuma ya ghala. Salvatori alipima kwa kamba, kona kwa kona, mpaka gari likakaa sawa juu ya magogo. Umeme ulikuwa wa jenereta ya pampu, kwa hiyo alichomelea saa zile tu pampu ikipumzika. Mimi nilikata bamba mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Alhamisi jioni tukalijaribu. Fundi alitaka mzigo, basi wakapanda watu, akina mama na mafurushi yao wakiimba. Nikaliingiza kwenye mtaro makusudi. Salvatori anakimbia kando ameinama, anachungulia mshono wake na kupiga kelele, "Ego! Ego!" yaani ndiyo, ndiyo, "Endesha!"

Halikulia hata kidogo. Mimi ndiye niliyelia, na sioni haya kusema.

Ijumaa lori lilikuja, Mzee Bilali akaligeuza tupu. Akanirudishia funguo, akasema, "Miaka mitatu ulikuwa abiria uliyekaa upande wa usukani. Leo ndiyo nimeajiri dereva."

Funzo langu ni fupi. Usikiabudu chombo kwa sababu kimetoka Ulaya. Uliza kimeundwaje, na usimdharau wa kumuuliza eti kwa sababu anaishi kwenye hema.

Udereva niliuacha mwenyewe nilipochoka, na mke wa Ujiji ndiye huyu aliyeniuliza nacheka nini. Lile Landrova lilikufa injini, mshono wa Salvatori ukiwa haujaachia.

Yeye alirudi kwao na hatujaonana tena. Kama kuna mdau wa Bujumbura humu anayemfahamu, amfikishie salamu, amwambie kwamba shofere wa kambini ana watoto wanne, na wa kwanza anaitwa Salvatori.

Haya, wataalamu wa sufuria, uwanja wenu. Nipingeni.